Lehemu na Moyo wa Mwanachuo wa Nyanda za Juu

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, ni mafuta mazito yanayofanana na nta, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Bila lehemu hakuna uhai. Kuta za chembe hai za mwili zimejengwa nayo. Nyongo inayosaidia kusaga mafuta ya chakula hutokana nayo. Homoni za kike na za kiume vilevile, pamoja na vitamini D ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua. Kwa hiyo mtu anayesema "nina kolesteroli" kwa kweli hajasema kitu, kwa kuwa kila mtu anayo. Linaloulizwa ni anayo kiasi gani, na inasafiri mwilini kwa njia ipi.

Safari hiyo ndiyo penye ufunguo. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayayeyuki katika maji. Mwili huyafunga mafuta ndani ya vifurushi vya protini ili yaweze kusafiri. Mkazi wa Mafinga, mji ulio kati ya Iringa na Mbeya, anayeona malori ya mbao yakishuka kutoka msitu wa Sao Hill hatapata shida kuelewa. Kuna malori yanayotoka ini kupeleka mzigo mwilini: hayo hujulikana kwa herufi LDL. Yakiwa mengi kuliko mahitaji, mzigo hudondoka njiani, na njia yenyewe ni ukuta wa mshipa wa damu. Kuna na malori mengine, HDL, ambayo huzoa mabaki na kuyarudisha kwenye ini. Ndiyo maana wauguzi huzungumzia lehemu mbaya na lehemu nzuri, ingawa lehemu ni ileile; kinachotofautiana ni lori na upande linakoelekea. Aina ya tatu ya mafuta, trigliseridi, ni akiba ya nguvu, na hupanda mtu anapokula wanga na sukari au kunywa pombe kupita anavyotumia.

Mzigo uliodondoka hauozi wala haupotei. Chembe za LDL hupenya ukuta wa ateri, chembe nyeupe za damu huzimeza ili kuziondoa, zikashiba mpaka zikageuka povu la mafuta, na mahali hapo panakuwa na uvimbe mdogo uliofunikwa na utando. Mwaka baada ya mwaka uvimbe hukua na njia ya damu husinyaa. Wakati mwingine utando hupasuka ghafla, damu huganda juu yake, na mshipa unaolisha misuli ya moyo huziba. Hilo ndilo shambulio la moyo. Likitokea katika mshipa wa ubongo huitwa kiharusi. Watu husema marehemu alikufa ghafla, na tukio lenyewe ni la ghafla kweli, lakini maandalizi yake yalichukua miaka 30 au 40. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka umri wa miaka 55, unafika kwenye bweni la chuo.

Ushahidi wa jambo hilo ni wa zamani. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, yaani umri wa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Zaidi ya robo tatu walikutwa na dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo, kuanzia ukuta ulionenepa kidogo hadi mshipa uliokwisha ziba, na hao walikuwa vijana waliopimwa afya na kukubaliwa jeshini. Baadaye, katika mji wa Bogalusa huko Louisiana, watafiti waliwafuatilia watoto na vijana kuanzia miaka ya 1970. Walipochunguza miili ya waliofariki mapema, wengi wao kwa ajali, waliona kwamba madoa ya mafuta ndani ya ateri yaliongezeka kadiri vihatarishi vya marehemu vilivyokuwa vingi: uzito, shinikizo la damu, lehemu mbaya na sigara. Kihatarishi kimoja kilikuwa na madhara yake. Vitatu au vinne kwa mtu mmoja vilikuwa na madhara makubwa zaidi kwa mbali.

Tanzania nayo ilipima. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na lehemu iliyozidi kiwango, na karibu idadi hiyohiyo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Lakini uchunguzi huo ulihesabu watu wa miaka 25 hadi 64. Mwanachuo wa miaka 21 alibaki nje ya mstari. Ni upungufu wa kusikitisha, kwa kuwa miaka iliyorukwa ndiyo mtu anapoanza kujinunulia chakula kwa mara ya kwanza na kupanga ratiba yake bila mzazi wala kengele ya shule.

Hapa ni haki kuweka jambo moja sawa. Kijana wa Tanzania anayelazwa leo kwa ugonjwa wa moyo, mara nyingi haugui mishipa iliyoziba kwa mafuta. Wengi huugua valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi yanayoanzia kwenye koo la mtoto lisilotibiwa vizuri. Wengine wamezaliwa na kasoro za moyo. Lehemu haiwalazi vijana, ila huwapangia watakacholazwa nacho wakiwa wazazi wa watoto wanaosoma.

Nyanda za Juu Kusini zina nafasi ya pekee katika elimu hii, ingawa wenyeji wengi hawajapata kuisikia. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti uliopewa jina la Lugalawa, kijiji cha wilaya ya Ludewa, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa na leo imo mkoa wa Njombe. Watafiti walilinganisha makundi mawili ya wanavijiji, kila moja likiwa na watu zaidi ya 600. Kundi la kwanza waliishi mwambao wa Ziwa Nyasa na kula samaki kila siku. La pili waliishi milimani, wakila nafaka na mboga. Wastani wa lehemu kwa wala samaki ulikuwa milimoli 3.5 kwa lita, na kwa watu wa milimani 4.1. Viwango vyote viwili ni vya chini, chini ya 5.0 ambayo madaktari wengi huihesabu kuwa mpaka. Kuhusu presha, tofauti ilikuwa kubwa: asilimia 2.8 tu ya wala samaki walikuwa na shinikizo la juu la damu, wakati milimani walikuwa asilimia 16.4.

Takwimu hizo zinasema mambo mawili. Kwanza, mkulima wa milima hii, kwa chakula chake cha ugali, maharage na mboga za majani na kwa jembe lake, alikuwa na mafuta ya damu ambayo mkazi wa London angeyatamani. Pili, hata huyo mkulima hakuwa salama kwa presha, ingawa chakula chake hakikuwa chipsi.

Kaskazini ya nchi kulikuwa na fumbo la aina nyingine. Miaka ya 1960 daktari wa Marekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanganyika, watu walioishi kwa maziwa na nyama, yaani mafuta ya wanyama tupu. Kwa hesabu za wakati ule walipaswa kuwa na lehemu nyingi sana. Walikuwa nayo kidogo. Mwaka 1972 Mann na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki: madoa ya mafuta yalikuwemo katika mishipa yao, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, hivyo damu ilipita. Mann aliamini siri ilikuwa kutembea. Wataalamu wengine wametoa maelezo tofauti, na mjadala haujafungwa. Lakini hakuna aliyebisha kwamba Mmasai wa wakati ule alitembea mno.

Kijana anapoacha jembe na njia ya mguu, mwili hubadilika haraka kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu wa miaka 15 hadi 59 waliohama vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Wanaume waliokuwa wakifanya shughuli nzito walikuwa karibu 8 kati ya 10 kabla ya kuhama. Mwaka mmoja baadaye walibaki karibu robo. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo mbili, kwa wanaume na kwa wanawake. Lehemu ya jumla ilipanda. Picha haikuwa mbaya tupu: matunda na mboga viliongezeka mezani, lehemu nzuri nayo ilipanda, na presha ilionekana kushuka. Mji huchukua hapa na kutoa pale, lakini mwaka mmoja ulitosha damu ya mtu kuonyesha kwamba amehama.

Kwenda chuo ni kuhama. Kwa vijana wengi wa Tanzania uhamaji huo una kituo katikati, na Mafinga ni mojawapo ya vituo hivyo. Mji huu ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwenye barabara kuu kati ya Iringa na Mbeya, una kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yarudishwe mwaka 2013, baada ya kusimama mwaka 1994, wahitimu wa kidato cha sita hupangiwa makambi kama hili kabla ya masomo ya juu. Alfajiri ya Mafinga mwezi Juni ina baridi ya kung'ata masikio. Katika baridi hiyo kijana hukimbia mchakamchaka, hupiga gwaride, hushika jembe, hula ugali na maharage, na hulala mapema kwa sababu hana nguvu ya kukesha. Hakuna daktari wa moyo ambaye angemwandikia dawa bora kuliko hiyo.

Miezi michache baadaye kijana huyohuyo yuko chuoni: Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa, kilomita 80 hivi kutoka Mafinga, ama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya upande wa pili. Kutwa anakaa. Anakaa darasani, anakaa maktaba, anakaa kitandani na simu. Wanachuo wenyewe husema wanapiga msuli, yaani wanasoma kwa bidii, kumbe misuli ya miguu haijaguswa. Umbali ambao nyumbani ungetembewa kwa dakika 20 sasa hupandiwa bodaboda. Watu wengi wakizungumzia moyo huanza na kulaani sahani, lakini ukitazama ushahidi wa Wamasai na wa wahamiaji wa Morogoro, kiti kinastahili lawama si haba. Mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa juma, ambayo Shirika la Afya Duniani linayapendekeza kwa watu wazima, hupandisha lehemu nzuri kidogo, hushusha trigliseridi na kulegeza presha. Kwa mgawanyo wa siku ni chini ya nusu saa hadi dakika 40 na kidogo, za kutembea kwa haraka. Kijana aliyepita Mafinga amekwisha fanya zaidi ya hapo kabla jua halijachomoza.

Sahani nayo ina yake. Mkopo wa serikali huwapa wanufaika fedha za chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, ambazo chuoni huitwa bumu. Bumu likitoka, banda la chipsi hujaa. Nyanda za Juu ndiko viazi mviringo vya nchi vinakolimwa kwa wingi, kwa hiyo chipsi hapa ni chakula cha nyumbani kwa maana halisi: kiazi kimetoka shamba la jirani. Chipsi mayai, zege kwa lugha ya vijana, hujaza tumbo haraka na muuzaji yupo mpaka usiku wa manane. Bumu likikata, kinachofuata ni chai ya sukari nyingi na maandazi, au mlo mmoja mkubwa wa kufidia siku nzima.

Makosa mawili hurudiwa mara kwa mara kuhusu mafuta. La kwanza ni kuamini kibandiko kinachosema mafuta ya kupikia hayana kolesteroli. Mafuta ya mmea wowote hayana lehemu ya kuhesabika. Kibandiko kimesema kweli isiyosaidia kitu. Kinachopandisha lehemu mbaya katika damu zaidi ni aina ya mafuta, yaani yale yanayoganda kwa urahisi, ambayo hulifanya ini lipunguze kuzoa LDL kutoka kwenye damu. Karibu nusu ya mafuta ya mawese, yanayokamuliwa Kyela, ni ya kundi hilo. Ya nazi ni zaidi ya nusu kwa mbali. Ya alizeti ni takriban sehemu moja tu kati ya kumi. Mabaya kuliko yote ni mafuta ya mmea yaliyogandishwa kiwandani kwa kuongezewa haidrojeni kwa sehemu, ambayo hupandisha lehemu mbaya na kushusha nzuri kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito yaondolewe kabisa katika vyakula vya dunia nzima. Kosa la pili ni kudhani mafuta mazuri hubaki mazuri. Karai lililochemka tangu asubuhi na mafuta yake kugeuka meusi limekwisha haribu hata alizeti safi. Rangi na harufu ya mafuta humwambia mnunuzi mengi kuliko jina lililo kwenye dumu.

Yai hulaumiwa kupita haki yake. Kiini kimoja kina karibu miligramu 200 za lehemu, ni kweli, lakini kwa watu wengi lehemu inayoliwa huongeza ya damu kidogo tu, kwa sababu ini hupunguza utengenezaji wake. Zege moja lina tatizo zaidi katika mafuta yaliyonyonywa na chipsi na katika chumvi iliyomwagwa juu, kuliko katika yai.

Na ni ajabu kwamba dawa ya mezani inaota katika nyanda hizihizi. Parachichi la Njombe, Rungwe na Mufindi, linalosafirishwa kwenda Ulaya kwa bei nzuri, limejaa mafuta yasiyoganda na nyuzinyuzi. Maharage ya Mbeya yana nyuzinyuzi laini zinazonasa nyongo tumboni na kuitoa nje, hivyo ini hulazimika kutumia lehemu ya damu kutengeneza nyongo nyingine. Wali maharage wa kantini, unaodharauliwa mwezi wa bumu, kwa moyo unalishinda zege kwa kila kipimo.

Vihatarishi vingine ni vya kutajwa kwa ufupi kwa kuwa vinajulikana. Sigara hushusha lehemu nzuri na kujeruhi ukuta wa ndani wa ateri, mahali hasa ambapo mafuta hupenyea. Shisha haina unafuu. Pombe hupandisha trigliseridi na presha, iwe bia ya dukani au ulanzi wa msimu wa mvua, ambao wenyeji huuona kama maji ya mwanzi yasiyo na hatia. Kisukari na presha hufanya lehemu ya kiwango kilekile iwe ya hatari zaidi. Kukesha wiki za mitihani kwa vinywaji vya kuongeza nguvu hupandisha mapigo na presha, japo kwa muda.

Kimoja hakitajwi vya kutosha, nacho ni damu ya ukoo. Takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 duniani huzaliwa na kasoro ya kijeni inayolifanya ini lishindwe kuzoa LDL. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua utaratibu huo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu wa aina hiyo anaweza kuwa mwembamba, mkimbiaji, asiyegusa sigara wala chipsi, na lehemu yake ikawa mara mbili ya kawaida tangu utotoni. Wembamba wake humdanganya yeye na humdanganya daktari. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Lehemu iliyozidi kwa kawaida haina dalili. Haiumi kichwa, haileti kizunguzungu, wala haifanyi kifua kibane mpaka mshipa uwe umekaribia kuziba. Njia pekee ni kupima damu. Matokeo hutolewa kwa milimoli kwa lita: lehemu ya jumla ifaayo ni chini ya 5.0, LDL chini ya 3.0, na HDL zaidi ya 1.0 kwa mwanamume na 1.2 kwa mwanamke. Maabara nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita. 200 kwa kipimo hicho ni sawa na 5.2 hivi, na wapo walioshtuka bure kwa kutojua tofauti. Trigliseridi hupimwa vizuri zaidi mtu akiwa hajala kwa saa 9 hadi 12. Nchini Marekani jopo la wataalamu lilipendekeza mwaka 2011 kila kijana apimwe mara moja kati ya miaka 17 na 21. Gharama huenda zisiruhusu jambo hilo kwa kila mwanachuo wa Tanzania, lakini presha na uzito havihitaji maabara; mashine ndogo na mizani katika zahanati ya chuo vinatosha, na vingeweza kupimwa siku ya usajili bila foleni ya pili.

Anayekutwa na lehemu ya juu kwa kawaida huanza na miguu na sahani kwa miezi kadhaa kabla ya dawa. Mwenye kasoro ya kurithi hasubiri. Statini, dawa za kundi lililoingia sokoni mwaka 1987, hulisaidia ini kuzoa LDL, na hutumiwa kwa uangalizi wa daktari. Mishipa ikishaziba, safari ni ndefu: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mafinga. Mwanachuo ambaye baba yake au kaka yake alipatwa na shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, asingoje uzee wala unene. Akapime mafuta ya damu muhula huuhuu, na matokeo yakiwa ya juu, awaambie ndugu zake wa tumbo moja nao wakapime.